Mpangaji Wako ni Kasino na Anasema Hahusiki na VAT: Mwongozo Kamili kwa Wenye Hoteli, Wenye Majengo na Wahasibu wa Mwanza

Mwenye hoteli ya Capri Point au jengo la Barabara ya Kenyatta akipata mpangaji wa michezo ya kubahatisha, ana haki ya kufurahi. Wapangaji hawa hutaka sehemu kubwa, hutaka mkataba mrefu, na mara nyingi hawasumbui kwenye malipo. Kizaazaa huanza na ankara ya kwanza. Mhasibu wa kasino anapiga simu: "Bosi, mbona mmetuwekea VAT? Michezo ya kubahatisha imesamehewa, sisi hatuhusiki." Mwenye jengo hataki kumpoteza mpangaji. Anaandika ankara upya bila VAT. Au, akiwa mwoga wa TRA, analipa hiyo VAT kutoka mfukoni mwake huku akijipa moyo kwamba siku moja ataomba arudishiwe.

Njia zote mbili humfikisha kwenye mgogoro. Kwa maoni yangu, mgogoro huo hauanzii TRA wala kwa mpangaji. Unaanzia mezani, siku ya kusaini, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali moja: msamaha huu ni wa nani?

Mwongozo huu unamhusu mwenye jengo anayepangisha kasino au kampuni ya kubeti, mwenye hoteli anayeendesha mashine zake mwenyewe za sloti, na mhasibu anayewaandalia ritani (taarifa za kodi zinazopelekwa TRA). Sheria ninayoizungumzia ni ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2015. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Bunge huigusa karibu kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha, kwa hiyo Julai ikifika tafuta toleo jipya kabla hujaandika ankara.

Hatua ya kwanza: jua msamaha unamfuata nani

Watu husema "hana VAT" wakimaanisha mambo matatu yasiyofanana hata kidogo, na tofauti yake ni ya mamilioni.

La kwanza ni mauzo ya kiwango cha sifuri. Muuzaji anatoza asilimia 0, lakini VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake anaidai yote. Kiwanda cha minofu ya sangara kinachosafirisha Ulaya kiko hapa. Hatozi VAT mteja wa nje, ila ile aliyolipa kwenye umeme, vifungashio na matengenezo ya mitambo ni haki yake kurudishiwa.

La pili ni mauzo yaliyosamehewa. Hapa muuzaji hatozi kitu, na VAT ya manunuzi yanayohusu mauzo hayo hairudi. Inakuwa gharama yake kama mshahara wa mlinzi. Michezo ya kubahatisha kwetu iko kwenye kundi hili: imeorodheshwa kwenye jedwali la misamaha la sheria yenyewe. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, nao wameisamehe.

La tatu ni mnunuzi mwenye msamaha wake binafsi: ubalozi, shirika la kimataifa, au mradi wa serikali uliopewa nafuu kwa tangazo la Waziri kwenye Gazeti la Serikali. Msamaha umeshikamana na jina lake na kazi iliyotajwa kwenye tangazo.

Sasa rudi kwa mpangaji wako. Kinachosamehewa ni huduma anayomuuzia mcheza kamari. Pango unalomtoza wewe ni huduma nyingine kabisa, nalo pango la biashara linatozwa VAT kama mwenye jengo amesajiliwa. Kasino haijapewa msamaha kama mnunuzi. Italipa asilimia 18 yako, na kwa kuwa mauzo yake yamesamehewa, haitakuwa na pa kuirudishia. Ndiyo maana mhasibu wao anakupigia simu kwa uchungu: kwake hiyo asilimia 18 ni hasara halisi. Mwelewe, lakini usimkubalie.

Kwa nini hadithi ya Manila inawapotosha wengi

Wapangaji wenye washauri wa kodi wazuri huja na hoja kutoka Ufilipino, na ni hoja nzito, kwa hiyo inafaa uijue vizuri.

Ufilipino kuna shirika la serikali liitwalo PAGCOR. Linasimamia kasino na pia linaziendesha. Amri ya Rais Namba 1869 ya mwaka 1983 ililipatia upendeleo wa aina yake: PAGCOR italipa asilimia 5 ya mapato yake ya michezo kama kodi ya leseni, na hiyo itasimama badala ya kodi nyingine zote. Amri ikaenda mbali zaidi. Ikasema msamaha huo unawafikia pia kampuni na watu wenye mkataba na PAGCOR kuhusu uendeshaji wa kasino. Hicho kifungu kidogo ndicho kilichozaa kesi.

Kampuni ya Acesite ilikuwa na hoteli ya Holiday Inn Manila Pavilion. Iliipangisha PAGCOR sehemu ya hoteli kwa ajili ya kasino, zaidi ya mita za mraba 6,700, na ikawa inaiuzia chakula na vinywaji. Kati ya Januari 1996 na Aprili 1997 VAT ya pango na chakula ilifika zaidi ya peso milioni 30. Acesite ikajaribu kuipeleka kwa PAGCOR. PAGCOR ikagoma: sisi tumesamehewa. Acesite ikaogopa mkono wa sheria, ikalipa VAT yote kwa mamlaka ya kodi kutoka kwenye fedha zake, kisha mwaka 1998 ikaomba kurudishiwa.

Mamlaka ikakataa kwa hoja ambayo hata hapa ungeitarajia. VAT ni kodi ya muuzaji. Mnunuzi anabeba mzigo wake tu, kwa hiyo msamaha wa mnunuzi haumhusu muuzaji. Mahakama ya Kodi haikukubali, Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Mahakama ya Kodi, na tarehe 16 Februari 2007 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikafunga shauri: Acesite irudishiwe. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, amri ya 1983 ilimsamehe PAGCOR hata kodi zinazomfikia kwa mgongo wa wengine, na sheria yao ya kodi iliweka kiwango cha sifuri kwa huduma anazouziwa mwenye msamaha wa sheria maalumu. Pili, Acesite ililipa kwa makosa kitu ambacho hakikudaiwa, na serikali haiwezi kukaa na fedha iliyolipwa kimakosa. Majaji walikumbushia shauri la 1987 la mkandarasi Gotamco aliyejenga ofisi za Shirika la Afya Duniani mjini Manila, ambapo msamaha wa shirika hilo ulimkinga mkandarasi na kodi ambayo mwishowe ingelipwa na shirika.

Habari ya PAGCOR na VAT haikuishia hapo. Mwaka 2005 sheria mpya, Namba 9337, ilimwondolea PAGCOR msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni, na kanuni za mamlaka ya kodi zikaongeza kwamba sasa atalipa na VAT ya asilimia 10. Tarehe 15 Machi 2011, kwenye shauri jingine, mahakama hiyohiyo ikaigawa hoja: kuondolewa msamaha wa kodi ya mapato ni halali, kwa sababu Bunge limesema hivyo. Kanuni ya VAT ni batili, kwa sababu Bunge halikusema. Mamlaka ya kodi haiwezi kutumia kanuni kuongeza kodi ambayo sheria mama haikuiweka. Hoja hii ya pili naiona na thamani kubwa zaidi kwa mlipakodi wa Mwanza kuliko ushindi wa Acesite wenyewe, maana inahamishika: ukipewa barua inayokutoza kwa kutegemea mwongozo au kanuni, uliza kifungu cha sheria kiko wapi.

Ushindi wa Acesite hauhamishiki. Ulisimama juu ya miguu miwili ambayo hapa haipo: msamaha wa mtu, na kifungu kilichomtaja mwenye mkataba naye. Kwetu kasino ni kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inalipa kodi ya michezo, na sheria ya VAT imesamehe huduma yake bila kumtaja mwenye jengo popote. Mpangaji akikuletea hukumu ya Manila, mwambie akuletee na kifungu cha Tanzania kinachofanana na ile amri ya 1983.

Hatua ya pili: fanya hesabu kabla ya kusaini

Kwanza hakiki kama wewe mwenyewe unapaswa kuwa umesajiliwa. Tangu Julai 2023 kizingiti cha lazima ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa miezi 12. Hapo jumlisha mauzo yako yote yanayotozwa kodi, vyumba, ukumbi, mgahawa na pango. Mwenye kijengo kimoja Igoma anayepata milioni 4 kwa mwezi hana VAT ya kutoza, na akiitoza bila usajili anavunja sheria.

Tuseme umesajiliwa, na mkataba unasema pango ni shilingi 11,800,000 kwa mwezi, bila neno lolote kuhusu VAT. Sheria inaihesabu bei hiyo kuwa tayari ina VAT ndani yake. Unagawa kwa 118, unazidisha kwa 18: VAT ni 1,800,000 na pango lako halisi ni 10,000,000. Kwa mwaka hiyo ni milioni 21.6. Kama ulikuwa unazila kama pango, mkaguzi akija atazidai kwako pamoja na riba na adhabu, na mpangaji atakuonyesha mkataba: bei tuliyokubaliana ni hiyo, tumelipa.

Usichanganye na zuio la asilimia 10 ambalo mpangaji hukata kwenye pango. Ile ni kodi ya mapato, inahesabiwa kwenye pango kabla ya VAT, na unapewa hati ya zuio. Nimekutana na faili ambazo mhasibu alikuwa anaikata kwenye jumla yenye VAT, miezi nenda rudi, na hakuna upande ulioshtuka.

Hatua ya tatu: kama sloti ni zako mwenyewe

Hapa ndipo madai mengi ya hoteli hukatwa, na mara nyingi TRA inakuwa na haki. Hoteli yenye vyumba na baa inatoza VAT. Kona ya mashine za sloti kwenye hoteli hiyohiyo inauza huduma iliyosamehewa. VAT ya manunuzi inapaswa kugawanywa, na ukidai yote unajitengenezea kesi.

Gawa ankara zako mafungu matatu kila mwezi. Fungu la kwanza ni ya vyumba, jiko na baa peke yake: mashuka, majokofu, sabuni ya dobi. Dai yote. Fungu la pili ni ya sloti peke yake: vipuri vya mashine, viti vya kona ile, matangazo ya michezo. Usidai hata senti. Fungu la tatu ni ya pamoja: umeme wa TANESCO, ulinzi, ukarabati wa paa, ada ya mhasibu.

Fungu la tatu lina kanuni yake. Chukua mauzo yanayotozwa kodi (ya kiwango cha sifuri yamo), gawa kwa mauzo yote, zidisha kwa VAT ya fungu hilo. Mfano: mwezi huu VAT ya manunuzi ya pamoja ni milioni 4. Mauzo ya vyumba na baa ni milioni 150, ya sloti milioni 50. Uwiano ni 150 kwa 200, yaani 0.75. Unadai milioni 3, na milioni 1 inabaki gharama. Uwiano ukizidi 0.90, sheria inakuruhusu kudai yote. Ukiwa chini ya 0.10, hudai chochote. Hoteli nyingi zenye kona ndogo ya mashine ziko juu ya 0.90 na hazijui. Hufanya mgawanyo wa shida kila mwezi, au huogopa na kuacha kudai kabisa.

Kuna vitu ambavyo havina VAT ya kudai hata kidogo, ila risiti zake huwa zimejaa kwenye mafaili. Dizeli ya jenereta imesamehewa. Bili ya maji ya MWAUWASA nayo, kwa kuwa maji ya bomba yamesamehewa (ya chupa hayajasamehewa). Gari dogo la bosi lina VAT, lakini sheria inazuia kuidai isipokuwa biashara yako ndiyo kuuza au kukodisha magari. Burudani vilevile, kama si biashara yako. Mhasibu anayeweka risiti za namna hii kwenye maombi ya marejesho anamfundisha mkaguzi kutoiamini hata ankara halali inayofuata.

Hatua ya nne: jua ni marejesho ya aina gani unayodai

Kuna marejesho ya kawaida, yanayotokana na VAT ya manunuzi kuzidi ya mauzo. Hoteli ikijenga ghorofa mpya au kukarabati ukumbi, miezi kadhaa ritani itatoka hasi. Kwa kawaida kiasi hicho husogezwa mbele na kukatwa kwenye kodi ya miezi sita inayofuata, na kinachobaki ndicho unachoombea marejesho. Ambaye nusu au zaidi ya mauzo yake ni ya kiwango cha sifuri hahitaji kusubiri. Ndiyo maana viwanda vya minofu vinaweza kuomba mapema. Wauzaji wa madini ghafi nje ya nchi wana kilio chao: marekebisho ya 2017 yaliwanyima haki ya kudai VAT ya manunuzi kwenye mauzo hayo, na migodi ya Kanda ya Ziwa iliingia kwenye malumbano marefu. Huo ni mfano wa Bunge kuchukua kwa sheria. Hapo pingamizi la kawaida halikusaidii sana.

Na kuna marejesho ya kodi iliyolipwa kimakosa, aina ya Acesite. Ulitoza VAT, au uliilipa mwenyewe, kwa mauzo ambayo kumbe hayakupaswa kutozwa. Kwa mfano, ulimuuzia huduma mradi wenye tangazo halali la msamaha. Hapa utaulizwa mambo mawili. Kwanza, tangazo hilo liko wapi, lina namba gani, tarehe gani, na linamtaja mnunuzi huyo na kazi ileile? Pili, nani alibeba mzigo? Kama mteja alikulipa VAT hiyo, fedha ikirudi ni ya mteja, na TRA haitakupa faida ya mtu mwingine. Acesite walishinda pia kwa sababu mteja wao aligoma kulipa na ushahidi wa hilo ulikuwepo. Barua ya mpangaji ya kugoma VAT ni karatasi ya kutunza. Usiichane kwa hasira.

Hatua ya tano: faili la maombi

Ritani ya VAT ni ya kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Maombi ya marejesho yanaegemea ritani hizo. Kama kuna mwezi haukuwasilisha, anza na huo.

Ndani ya faili weka risiti za EFD na ankara za kodi zenye jina la biashara yako, TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) yako. Risiti iliyoandikwa jina la dereva au "keshi" haikusaidii, hata kama mzigo uliingia stoo mchana kweupe. Mzoeshe mtu wa manunuzi kutaja TIN na VRN kabla muuzaji hajabonyeza mashine, kwa sababu kurudi Makoroboi wiki tatu baadaye kuomba risiti irekebishwe ni kazi ya kutoa jasho. Kwa mzigo ulioagizwa nje weka nyaraka za forodha na uthibitisho wa kulipa. Weka taarifa za benki zinazoonyesha ulimlipa muuzaji huyo kiasi hicho. Weka mikataba ya pango, na jedwali la mgawanyo kama una sloti. Maombi huambatana na uthibitisho wa mkaguzi wa hesabu au mshauri wa kodi aliyesajiliwa. Mchague anayekubali kukukatalia ankara mbovu.

Muda wa kudai ankara ni mfupi: mwezi wake na miezi sita inayofuata. Ankara ya Januari iliyogunduliwa kwenye droo mwezi Oktoba imekwisha kufa. Kingine kinachokwamisha ni muuzaji wako mwenyewe. TRA hulinganisha ulichodai na alichotangaza yeye. Kama hakuwasilisha ritani, dai lako litasimamishwa wakati wewe umefanya kila kitu sawa. Inaudhi, na sina dawa yake zaidi ya kununua kwa watu wenye rekodi.

Kabla ya kuwasilisha, safisha madeni mengine. TRA wakiona unadaiwa PAYE (kodi ya mishahara ya wafanyakazi) au kodi ya mapato, marejesho yatakatwa kufidia deni.

Sheria inampa Kamishna Mkuu siku 90 za kuamua tangu apokee maombi. Katikati kutakuja ukaguzi na maswali. Jibu kila swali kwa barua, na urudi na nakala yenye mhuri wa mapokezi na tarehe. Majibu ya simu na ya korido hayaonekani mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi.

Hatua ya sita: wamekataa, sasa?

Siku uliyopokea barua ya kukataliwa iandike kwenye bahasha yake. Una siku 30 kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu, kwa maandishi, ukitaja sababu na kuambatanisha ushahidi.

Mara nyingi kukataliwa huja na makadirio mapya: wanafuta VAT ya manunuzi uliyodai na kukutoza. Hapo pingamizi halipokelewi mpaka ulipe, ndani ya siku hizohizo 30, kodi isiyo na ubishi au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kiasi kilicho kikubwa. Kwenye makadirio ya milioni 90 hiyo ni milioni 30, na si kila hoteli ina fedha hiyo mwezi wa mvua. Sheria inaruhusu kumwomba Kamishna apunguze au aondoe sharti hilo kwa sababu za msingi. Omba wiki ya kwanza, na uambatanishe hali halisi ya benki. Ukiomba siku ya 29 umejifungia mlango.

Namna ya kuandika pingamizi inaamua mengi. Walalamikaji wengi huandika kurasa za uchungu: tumeajiri vijana, tunalipa kodi tangu zamani, biashara ni ngumu. Andika hoja moja moja. Kwa kila kiasi kilichokataliwa taja namba ya ankara, kifungu ambacho TRA wanategemea, kifungu unachotegemea wewe, na ukurasa wa kiambatisho. Tenganisha ubishi wa ukweli (mzigo ulifika au haukufika) na ubishi wa sheria (pango hili linatozwa au halitozwi). Kumbuka mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamekosewa uko begani kwako, na anayedai msamaha husomewa sheria kwa ukali. Kama kuna ankara unazojua hazitetei, ziachie mwenyewe kwenye barua. Utalipa kidogo, na hoja zilizobaki zitasomwa kwa macho mengine.

Kamishna ana miezi sita kuamua pingamizi. Ikipita kimya, sheria inakuruhusu kulihesabu kama limekataliwa na kusonga mbele.

Kusonga mbele ni kwenda Bodi ya Rufani za Kodi: notisi ndani ya siku 30 tangu upokee uamuzi wa pingamizi, na rufani yenyewe ndani ya siku 45 tangu siku hiyohiyo. Angalia hapo: siku 45 hazianzi baada ya zile 30. Juu ya Bodi kuna Baraza la Rufani za Kodi, na juu yake Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za kisheria pekee. Kama hukuleta ankara mbele ya Bodi, huwezi kuileta kule juu. Siku ya hukumu omba nakala ya uamuzi na mwenendo papo hapo, maana muda wa ngazi inayofuata ni mfupi.

Kuna pia Msuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Huyo anafaa pale maombi yako yanapokaa bila kujibiwa, faili linapopotea, au afisa anapokudharau. Hatafsiri sheria wala haingilii shauri lililoko mahakamani, na kumwendea hakusimamishi siku zako 30.

Hatua ya saba: mkataba ulio nao tayari

Kama bado hujasaini, kifungu hiki kinatosha, mwanasheria wako akirembe: "Pango ni shilingi … kwa mwezi bila VAT. Mpangaji atalipa juu yake VAT kwa kiwango kinachotumika kisheria siku ya ankara. Mpangaji akidai msamaha, atampa mwenye jengo nakala ya tangazo la Serikali au kibali cha TRA kinachotaja jina lake na pango hili kabla ya tarehe ya ankara. Bila hiyo, VAT inalipwa." Sentensi ya mwisho inamhamishia mpangaji kazi ya kuthibitisha msamaha wake, mahali inapostahili.

Kama umeshasaini na mkataba uko kimya, mwite mpangaji kabla mkaguzi hajafika. Mwonyeshe hesabu ya 18 kwa 118. Wengine hukubali kugawana: nusu ya ongezeko mwaka huu, yote mwaka ujao, kwa nyongeza ya mkataba iliyosainiwa na pande zote. Kwa miezi iliyopita, pitisha jedwali la kila mwezi kwa mshauri wako, kisha mwende TRA kwa barua kurekebisha ritani zenyewe na kuomba kulipa kwa awamu. Awamu ya kwanza iwe kiasi ambacho hoteli italipa hata mwezi ambao vyumba nusu havina mtu.